Mvua Zimeanza: Jinsi ya Kuainisha na Kupambanua Uyoga wa Porini

Mvua za masika zinapoanza kunyesha Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia, kando ya barabara huonekana mabeseni na vikapu vya mboga ambayo hakuna aliyeipanda wala kuipalilia. Ni uyoga wa porini, obwoba kwa Waluhya, obwolo kwa majirani wao Waluo. Leo asubuhi umechipuka, kesho kutwa umeoza. Kwa jamaa nyingi hiki ni kitoweo cha msimu kisichohitaji pesa, na kwa anayeuza ni unga wa juma zima au sehemu ya karo ya mtoto.

Msimu huo huo ndio wenye hatari. Uyoga unaoliwa na ule wenye sumu huchipuka kwa mvua ile ile, wakati mwingine katika shamba moja, na kwa macho ya haraka hufanana kama ndugu. Wazee waliozoea kuchuma hawakosei mara nyingi, kwa sababu wanajua mahali, majira na umbo la kila aina wanayoila. Tatizo huwa kwa mtoto aliyetumwa peke yake, kwa mgeni aliyehamia kutoka eneo lingine na kwa kijana aliyekulia mjini akarudi nyumbani likizo. Makala haya yanaeleza namna wanasayansi wanavyoainisha uyoga, na jinsi elimu hiyo inavyoweza kumsaidia mkazi wa kawaida kutofautisha aina zinazofanana.

Uyoga si mmea

Kwa karne nyingi wataalamu waliuweka uyoga pamoja na mimea, kwa kuwa hausogei na huota ardhini. Lakini uyoga hauna rangi ya kijani inayouwezesha mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Unakula vitu vilivyokwisha kutengenezwa na viumbe wengine: majani yaliyooza, magogo, samadi, au mizizi ya miti inayoishi nayo kwa kupeana. Kuta za seli zake zimeundwa kwa kitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la panzi na kaa. Mwaka 1969 mwanasayansi wa Marekani Robert Whittaker alipendekeza mpangilio wa himaya tano za viumbe, na kuvu wakapewa himaya yao wenyewe. Uchunguzi wa vinasaba uliofuata ulionyesha jambo lililowashangaza wengi, kwamba kuvu wana ukaribu wa nasaba na wanyama kuliko walio nao na mimea.

Kile kinachochumwa na kutiwa kikapuni ni tunda tu. Kuvu mwenyewe ni utando wa nyuzi nyembamba uliojificha ndani ya udongo au mti, na huweza kuishi humo miaka mingi bila kuonekana. Hali ikifaa, yaani unyevu na joto la kutosha, utando huo hutoa uyoga ili kusambaza spora, vumbi laini linalofanya kazi kama ya mbegu.

Katika uainishaji, viumbe hupangwa kwa ngazi: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Uyoga wa kichuguuni, uyoga wa majanini wenye spora za kijani na uyoga wa kuua wa jenasi Amanita wote wamo katika oda moja, Agaricales. Huachana kwenye familia. Wa kichuguuni umo katika Lyophyllaceae, wa spora za kijani katika Agaricaceae, na Amanita katika Amanitaceae. Kwa hiyo mtu anayesema "uyoga ni uyoga" ni kama anayeweka ng'ombe, nyumbu na swala katika zizi moja kwa sababu wote wana kwato na pembe.

Rangi ya spora

Msingi wa uainishaji wa uyoga wenye kofia uliwekwa na Elias Fries wa Uswidi, ambaye kitabu chake kikuu kilianza kutoka mwaka 1821. Alitambua kwamba rangi ya kofia hudanganya. Jua huifubaza, mvua huiosha, na umri huibadilisha. Rangi ya spora haibadilikibadiliki hivyo, na akaitumia kugawa makundi. Leo wataalamu wana hadubini na vipimo vya vinasaba, na majina kadhaa yamehamishwa kutoka jenasi moja hadi nyingine. Hata hivyo, njia ya Fries bado ndiyo ya kwanza kufundishwa, na haihitaji kifaa chochote kisichopatikana nyumbani.

Huchukuliwa uyoga uliokomaa, ambao kofia yake imefunguka. Shina hukatwa karibu kabisa na kofia. Kofia hulazwa juu ya karatasi, upande wa chini ukigusa karatasi, kisha hufunikwa kwa bakuli au kikombe ili upepo usipeperushe vumbi. Ni vyema nusu ya karatasi iwe nyeupe na nusu nyeusi, kwa maana spora nyeupe hazionekani kwenye karatasi nyeupe. Baada ya saa chache, au asubuhi yake, kofia ikiinuliwa huacha chapa ya miale iliyotoka katikati kuelekea ukingoni.

Chapa ya uyoga wa kichuguuni huwa ya waridi iliyofifia au rangi ya malai yenye wekundu kidogo. Ya Amanita ni nyeupe. Ya jenasi Agaricus, anamotoka uyoga mweupe wa madukani, ni kahawia iliyoiva kama chokoleti. Uyoga wa mama mboga unaokuzwa kwenye mifuko ya majani makavu, ule wa umbo la sikio la ndovu uitwao Pleurotus, hutoa chapa nyeupe au ya zambarau hafifu. Na chapa ikitoka ya kijani, uyoga huo haufai kuliwa hata kidogo. Walimu wa shule za msingi na sekondari wanaweza kulifanya zoezi hili darasani bila gharama, mradi wanafunzi wanawe mikono na hakuna anayeonja.

Ni lazima isemwe waziwazi kuwa chapa peke yake haitoshi kuamua kinachoingia jikoni. Kuna uyoga mwingi wa chapa nyeupe unaoliwa, na upo wa chapa ya waridi unaodhuru. Chapa huondoa baadhi ya majina kwenye orodha. Yanayobaki huamuliwa na sehemu nyingine za uyoga.

Kutoka kofia hadi chini ya udongo

Kosa la kawaida la mchumaji asiye na uzoefu ni kuukata uyoga kwa kisu usawa wa ardhi, au kuuvunja shina na kuondoka na kofia. Huo ni urahisi unaoacha ushahidi mkubwa ndani ya udongo. Uyoga unaotambuliwa kwa mara ya kwanza hauna budi kuchimbuliwa taratibu kwa kijiti au ncha ya panga, pamoja na kilicho chini yake.

Chini ya kofia hutazamwa kama kuna matamvua, yaani vipande vyembamba vilivyojipanga kama kurasa za kitabu, au vitundu vidogo kama vya sifongo. Kama ni matamvua, huangaliwa rangi yake na kama yameungana na shina au yameishia kabla ya kuligusa. Kwenye shina hutafutwa pete, ule ukosi mwembamba unaobaki baada ya kofia kufunguka. Mwisho wa shina hutafutwa mfuko, yaani utando kama kikombe au soksi iliyoshuka, ambao ni mabaki ya ganda lililoufunika uyoga ulipokuwa mchanga. Harufu nayo hunuswa. Nyama hukatwa kuona kama inabadilika rangi. Baadhi ya Agaricus wanaosumbua tumbo hugeuka manjano ya kung'aa wanapokwaruzwa chini ya shina, na hutoa harufu kama ya wino au dawa ya kuulia vijidudu.

Mahali palipoota pana uzito sawa na umbo. Kichuguuni, kwenye gogo, kwenye samadi, kwenye nyasi za uwanja, chini ya msonobari: kila jibu huelekeza upande wake. Ndiyo maana mnunuzi sokoni hana haja ya kuona haya kuuliza. "Mama, huu umetoka wapi?" Muuzaji anayeijua kazi yake hujibu bila kusita, "Wa kichuguuni, mwanangu, tazama mzizi wake." Asiyeweza kuonyesha mzizi wala kutaja mahali, heri aachwe na beseni lake.

Uyoga wa kichuguuni

Huu ndio mfalme wa uyoga wa magharibi mwa Kenya, na jenasi yake inaitwa Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Maisha yake yamefungamana na mchwa. Mchwa hukusanya nyasi kavu, majani na vipande vya miti, huvimeng'enya kiasi, kisha hujenga kwa kinyesi chao sega laini ndani ya kichuguu. Kuvu hukua juu ya sega hilo na kulainisha sehemu ngumu ambazo mchwa hawangeweza kuzifaidi wenyewe. Kisha mchwa hula sega lililolainishwa pamoja na vinundu vya kuvu. Ni kilimo kamili, kilichoanza mamilioni ya miaka kabla binadamu hajashika jembe.

Kwa kuwa sega liko ndani sana, uyoga hulazimika kupenya udongo kwa mzizi mrefu unaochongoka kadiri unavyoshuka. Kofia yake nayo huwa na kinundu au ncha ngumu katikati, inayotoboa ardhi kama mkuki. Matamvua ni meupe, yakigeuka waridi hafifu uyoga unapokomaa, na hayajashikana na shina. Hakuna mfuko chini. Mzizi mrefu, ncha katikati ya kofia, chapa ya waridi hafifu, kukosekana kwa mfuko na kuota penye mchwa: alama hizi tano zikikutana katika uyoga mmoja, mchumaji amesimama mahali pazuri. Ikikosekana moja, huyo si wa kuingizwa kikapuni na mtu anayejifunza.

Jenasi hii ina spishi zipatazo thelathini, nyingi zikiwa za Afrika, na ukubwa wao hutofautiana kupita kiasi. Termitomyces titanicus, aliyeelezwa kisayansi kutoka Zambia mwaka 1980, anaweza kufikisha kofia ya karibu mita moja. Kwa upande mwingine yupo Termitomyces microcarpus, mwenye kofia ya sentimita moja au mbili, anayetokea kwa mamia kama popkoni zilizomwagika. Huyu mdogo ndiye anayeivuruga kanuni ya mzizi. Mchwa hutoa vipande vya sega na kuvisambaza karibu na uso wa ardhi, hivyo hahitaji mzizi mrefu. Wanaomchuma humtambua kwa wingi wake, kwa ncha ndogo ya kofia na kwa makombo ya sega yaliyo chini yake. Anayejifunza amwachie mwenyeji wa siku nyingi.

Wakulima huuliza mara kwa mara kwa nini uyoga huu haukuzwi kwenye mabanda kama Pleurotus. Sababu ni mchwa. Bila mchwa na sega lake, kuvu huyu hatoi uyoga kwa namna ya kutegemewa. Anayebomoa kichuguu ili kupanua shamba la mahindi anapaswa kujua kwamba amebomoa na shamba la mboga.

Anayefanana naye: wa spora za kijani

Chlorophyllum molybdites huota kwenye nyasi: malishoni, viwanja vya shule na kanisa, kando ya barabara, mara nyingi kwa duara. Ni mkubwa, mnene, wa kuvutia. Kofia yake nyeupe yenye magamba ya kahawia huweza kuzidi sentimita 20, na shina lina pete inayoweza kusogezwa juu na chini. Anapatikana katika nchi nyingi za joto na ni miongoni mwa uyoga unaoongoza kwa kuwapeleka watu hospitalini duniani.

Mtego wake uko kwenye umri. Akiwa mchanga, matamvua yake ni meupe kabisa, na ndipo anapochumwa kwa kudhaniwa kuwa ni uyoga mwema. Ukijani hutokea baadaye, spora zinapoiva. Anayeharakisha kuchuma "wakati ungali laini" hujinyima alama ya pekee ambayo ingemwokoa. Dawa yake ni ile karatasi ya chapa, kwenye uyoga uliofunguka, na kuangalia chini: huyu hana mzizi mrefu unaoelekea kwenye sega. Isitoshe, uyoga wa nyasini wenye magamba na pete una ndugu wanaoliwa, wa jenasi Macrolepiota, na hata wataalamu wamewahi kuhamisha spishi kutoka jenasi hiyo kwenda Chlorophyllum baada ya kupima vinasaba. Palipo na mkanganyiko wa namna hiyo, tumbo si mahali pa kufanyia utafiti.

Sumu yake huanza mapema, kwa kawaida kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula: kichefuchefu, kutapika, msokoto wa tumbo na kuhara, pengine kwa damu. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hupona. Mtoto mdogo hukaukiwa maji haraka, na hapo mambo hubadilika.

Anayeua: Amanita

Si kila Amanita ana sumu. Huko Zambia, Amanita zambiana huuzwa kando ya barabara na kuliwa kwa furaha. Lakini jenasi hii ndiyo yenye Amanita phalloides, uyoga uliosababisha vifo vingi kuliko mwingine wowote duniani. Asili yake ni Ulaya, anaishi na mizizi ya miti kama mwaloni, na amesafiri na miche hadi Afrika Kusini, Australia na Amerika. Hilo ni funzo kwa kaunti zilizopanda miti ya kigeni: udongo wa miche huja na kuvu wake, na uyoga uliochipuka chini ya msonobari si uyoga ambao wazee wa mahali hapo waliwahi kuufahamu. Ujuzi wa jadi hauna jina lake.

Alama za jenasi hii ni matamvua meupe yasiyogusa shina, chapa nyeupe, mara nyingi pete, na mfuko au uvimbe wenye magamba chini ya shina. Mfuko huo ndio unaobaki ardhini mtu anapokata kwa kisu. Akiwa bado ndani ya ganda, Amanita mchanga huonekana kama yai. Akikatwa wima kwa kisu, umbo la kofia na shina huonekana ndani.

Wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki walioishi Marekani na Australia wamewahi kufa kwa uyoga huu. Nyumbani kwao walizoea kula Volvariella volvacea, ambao nao una mfuko chini. Walichokiona ugenini kilifanana na cha kwao. Tofauti ilikuwa kwenye chapa: Volvariella ni waridi, Amanita ni nyeupe. Mgeni anayehamia magharibi kutoka Pwani au Ukambani yumo katika hali hiyo hiyo.

Sumu ya Amanita phalloides haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kumwaga maji ya kwanza, na kofia moja inatosha kumuua mtu mzima. Dalili hukawia, kwa kawaida saa sita hadi ishirini na nne. Mgonjwa hutapika na kuhara sana, halafu hupata nafuu kwa siku moja au mbili, na familia hushukuru Mungu na kumrudisha kitandani. Wakati huo ini linaharibika. Hali huzorota tena kuanzia siku ya tatu hivi, na mara nyingi huwa wamechelewa. Zipo pia spishi ndogo za jenasi Lepiota na Galerina zenye sumu ya aina hiyo hiyo, hivyo udogo wa uyoga si dhamana.

Vipimo visivyopima

Katika vijiji na mijini husikika njia za mkato. Kwamba uyoga wenye sumu huigeuza sarafu au kijiko cha fedha kuwa cheusi. Kwamba kitunguu kikibadilika rangi sufuriani ni ishara. Kwamba ukiliwa na konokono au funza ni salama. Kwamba kofia inayomenyeka ni njema, na kwamba wenye sumu lazima uwe na rangi kali. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho kweli. Konokono hula Amanita phalloides bila kudhurika, kofia yake humenyeka vizuri, na rangi yake ni ya upole. Waliosalimika baada ya kula wamesema ulikuwa mtamu.

Picha ya simu nayo ina mipaka yake. Programu za kutambua viumbe hukisia kwa umbo na rangi ya juu. Haziuoni mfuko uliobaki ardhini, hazinusi, wala hazijui chapa ni ya rangi gani.

Ikitokea mtu amekula

Mtu aliyekula uyoga wa mashaka apelekwe kituo cha afya bila kungoja dalili, na aliyetapika usiku kisha akapata nafuu asubuhi apelekwe hata kama anakataa. Asilazimishwe kutapika, wala asipewe maziwa, mafuta au majivu kama dawa. Kama anahara na yuko macho, apewe maji yenye chumvi za kurudishia maji mwilini akiwa njiani. Mhudumu aelezwe saa ya kula na saa dalili ilipoanza, kwa sababu pengo kati ya hizo mbili humsaidia daktari kutofautisha sumu ya tumbo na sumu ya ini. Wote waliokula chungu kimoja waende pamoja, hata wasiougua.

Mabaki yasitupwe. Uyoga mbichi uliosalia, maganda, au hata mchuzi ulioshika sufuria vifungwe kwenye karatasi au bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki haufai, kwani uyoga huoza humo kabla ya kufika. Kama hakuna kilichobaki, mtu mmoja arudi pale ulipochumwa, achimbue mwingine wa aina ile pamoja na mwisho wa shina wake, na aufikishe hospitalini.